Wazee waliopigana vita wakarudi kufia nyumbani: tuandike maisha yao kabla makaburi hayajalimwa

#1 Mjukuu_wa_Keya

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, akirudi atatukuta hapa hapa.

Nchi hii ina makaburi ya vita yanayotunzwa. Ukipita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi pale Dar unayaona, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mistari. Kwetu Kagera kuna Kaboya, wilaya ya Muleba, walikolazwa askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, buruji inalia. Hayo sina neno nayo, yaendelee.

Ninayemuulizia mimi ni yule aliyekwenda vitani AKARUDI. Akavua gwanda, akaoa, akalima, akazeeka, akafa kwa presha kitandani kwake, akazikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba au katika makaburi ya mtaa. Huyo nani anamjua? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tarehe zake: kwa vita ya kwanza inawahesabu waliokufa kuanzia Agosti 4, 1914 hadi Agosti 31, 1921, na kwa vita ya pili kuanzia Septemba 3, 1939 hadi Desemba 31, 1947. Ukifa Januari 1948 kwa kifua ulichokipata Burma, wewe si wao tena. Serikali yetu nayo ina Kaboya, na Naliendele kule Mtwara, kwa waliofia kazini. Mzee aliyefia nyumbani ni wa familia yake, na familia zenyewe ndiyo sisi hawa.

Kilichonisukuma niandike ni kikao cha ukoo. Tunagawana kibanja cha babu, na kipande chenye kaburi lake kimeangukia kwa ndugu anayetaka kuuza. Mnunuzi ni mtu muungwana, kauliza tu, "Hili kaburi la nani, na mtalihamisha?" Tulikuwa watu wazima wengi pale. Kila mtu alijua ni la babu. Ilipofika alizaliwa lini, alikwenda vita ipi, alirudi mwaka gani, tukaanza kuangaliana. Shangazi ndiye aliyetuokoa, na hata yeye alikuwa anakumbuka vipande.

Basi nikaanza kuokota vipande. Babu alichukuliwa wakati wa vita ya Hitla, akawa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku kwetu), Batalioni ya 36, kikosi cha vijana wa Tanganyika. Kwa kulinganisha anachokumbuka shangazi na historia ya kikosi, njia yake inaeleweka: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943, katikati ya 1944 ikaingizwa Burma, ikamfukuza Mjapani kushuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule, malaria na homa nyingine zikiwalaza watu kuliko risasi. Desemba 1944 ikaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Babu alikuwa akiuita mto huo "Chinduini" na akidai samaki wake hawana ladha. Hiyo ndiyo habari pekee ya vita aliyowasimulia watoto wake kwa hiari.

Akarudi na koti la jeshi, kijisanduku cha bati, na ufundi wa cherehani alioupata kambini. Mnaona ninakotaka kwenda? Babu alikuwa askari miaka michache. Fundi cherehani alikuwa maisha yake yote yaliyobaki. Sare za watoto wa shule ya msingi pale kijijini zilipita mkononi mwake, na wanawake waliokuwa hawana hela walilipa kwa ndizi na kahawa. Aligombana na katekista kuhusu mipaka ya shamba kwa miaka mingi na wakazikwa hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake. Sasa ukiniambia niandike juu ya kaburi "Askari wa KAR, Burma", utakuwa umenipa robo ya mtu.

Kwa hiyo ombi langu: kila mwenye mzee wa aina hii katika makaburi ya kwao, amlete hapa. Vita ipi, alirudi akawa nani, amelala wapi (kijiji kinatosha, majina kamili ya watu binafsi tusiyamwage mtandaoni). Na mwenye ujuzi wa kutafuta kumbukumbu atusaidie. Mods naomba msiuunganishe na nyuzi za siasa.

#2 Chomoa_Betri

Nimesoma robo nikachoka. Tuwekee ufupisho mkuu 😂

#3 Mjukuu_wa_Keya

Ufupisho: nenda kamuulize babu yako.

#4 Binti_wa_Chumbageni

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi wa Tanga, na kwetu makaburi ya vita ndiyo tuliyochezea utotoni. Novemba 1914 Mwingereza alileta jeshi kutoka India likashuka Tanga, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, akawapiga mpaka wakaacha bunduki na risasi ufukweni. Watalii wanakuja kuulizia nyuki waliowauma Wahindi wa watu siku ile. Nyuki wana umaarufu kuliko askari weusi waliokuwa upande wa Mjerumani, na hao ndio walioshinda vita vyenyewe!

Lakini nikukosoe kidogo. Umesema waliofia vitani wanatunzwa. Siyo wote. Hayo makaburi ya Barabara ya Mwinyi, sehemu yake ilihamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968 kupisha barabara mpya. Makaburi 660 ya vita ya kwanza. Waafrika, Wakristo kwa Waislamu na wasiokuwa na dini hizo, viwanja vyao havikuwa na alama ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo walipohamishwa wakazikwa upya kwa makundi, kila kundi na ukuta wake wa ukumbusho. Mzungu alihama na jiwe lake.

Na hao angalau walihamishwa. Wapagazi hawakupata hata hilo. Kariakoo yetu ilikuwa kambi yao, tunapanga foleni ya mitumba juu ya historia yao. Horace Byatt, gavana wa Tanganyika baada ya vita, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi Dar na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Haya hayajatoka kijiweni, yamo katika ripoti ya Tume yenyewe ya Aprili 2021, iliyokiri kwamba watu kati ya 116,000 na pengine 350,000 hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Sasa nenda Posta, simama mbele ya Sanamu la Askari la 1927, lile lililowekwa mahali pa sanamu la Wissmann, gavana wa Mjerumani. Soma Kiswahili chake. Linasema ukiipigania nchi yako, hata ukifa watoto wako watakumbuka jina lako. Zunguka pande zote nne utafute jina moja. Halipo.

#5 Mngoni_wa_Mfaranyaki

Wakuu nitaharibu hali ya hewa kidogo, mnisamehe.

Hao askari mnaowalilia, nani aliwatuma? Sisi wa Songea tuna kaburi letu la halaiki pale Makumbusho ya Majimaji. Februari 27, 1906 wazee wetu walinyongwa. Kamba ilikuwa ya Mjerumani, lakini mikono iliyofunga wazee na kuchoma maghala ya chakula ilikuwa ya askari weusi. Njaa iliyofuata ndiyo iliyomaliza watu, kuliko bunduki. Miaka minane baadaye wengine wa askari hao hao mnawaita washindi wa Tanga. Dada yangu wa Chumbageni umeandika vizuri, ila unapowahurumia kwamba nyuki wamewapita umaarufu, mimi nacheka kwa uchungu.

Na Keya nao. Baada ya Burma, KAR ndiyo iliyopelekwa misitu ya Aberdare kuwasaka Mau Mau, wapigania uhuru wa Kenya. Tukumbuke nini hapo?

#6 Mjukuu_wa_Keya

Mkuu hujaharibu kitu. Swali lako nililitegemea na sina nia ya kulikwepa.

Sikatai hata sentensi moja. Lakini angalia na upande wa pili. Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa Keya. Alikwenda Burma. Alichojifunza msituni kule ndicho alichokitumia kwenye msitu wa Mlima Kenya dhidi ya waliomfundisha. Mtu mmoja, makoti mawili. Utamweka rafu gani?

Ndiyo maana nimesema tuandike MAISHA. Jiwe la serikali linaandika cheo na tarehe, basi. Kama babu wa mtu alichoma maghala ya Wangoni, mjukuu wake aandike hivyo hivyo, ili wewe wa Mfaranyaki ukisoma ujue aliyefanya alikuwa nani na alizikwa wapi. Kuna wapagazi waliokamatwa usiku kwa kamba. Kuna vijana waliotaka sare na mshahara. Kuna waliomkimbia jumbe. Wote leo tunawaita "wazee waliopigana vita", kana kwamba waliingia kwa mlango mmoja.

Babu yangu mimi alichukuliwa. Sijui kama angekwenda mwenyewe. Shangazi anasema alikuwa akiona picha ya Mfalme George anageuza uso, lakini koti la jeshi alilivaa mpaka likaisha.

#7 Mngoni_wa_Mfaranyaki

Hapo nimekuelewa. Ila mkija Songea msilete shada la maua kwa Mjerumani, mtarudi nalo.

#8 Mzee_wa_Chakaza

Wajukuu zangu salaam. Mimi mwenyewe ni mmoja wa mnaowaandika, ila bado napumua.

Nilikuwa mgambo. Novemba 2, 1978 Mwalimu alipozungumza tulikuwa tumekusanyika kwenye redio ya mwenye duka. Uwezo, sababu, nia, ninyi mnayasoma darasani, sisi yalitutoa majumbani. Mafunzo mafupi, kisha Kagera. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa. Kanisa la Kyaka limepigwa mabomu, magofu yake nendeni mkayaone. Watu wa Kagera waliouawa, walioibiwa ng'ombe, walioswagwa mpaka ng'ambo, hao nao makaburi yao yamo mashambani bila alama.

Januari 1979 tuko Mutukula, Februari Masaka, Machi ile ya Lukaya, na Walibya wakiwa upande wa Amin. Aprili 11 Kampala. Njia kubwa tulitembea kwa miguu, hilo vijana hawaliamini. Silaha ile kubwa ya roketi Waganda waliibatiza saba saba, wakiisikia wanakimbia kabla haijatua.

Nikiwasoma hapa naona kila mtu anauliza vita. Niulizeni na kurudi. Tulirudi 1979 na baada yake, duka la kijiji halina sukari wala sabuni, mtu umetoka vitani unapanga foleni ya kanga moja ya mke wako. Mwenzangu mmoja tuliyetembea naye toka Kyaka alirudi haongei. Hakuwa na kidonda. Alikuwa anachimba visima, hiyo ikawa kazi yake, anashuka chini huko asubuhi anatoka jioni, na visima vyake mpaka leo watu wanachota. Amezikwa mwaka juzi makaburi ya kata. Padre hakujua kama alikuwa mpiganaji, nilisimama mimi kusema, nikapewa dakika mbili kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Wengi wetu hatukuwa wanajeshi wa kudumu. Mgambo, polisi, magereza, vijana wa JKT. Makaratasi yetu yamelowana, yameliwa na mchwa, wengine hawakupewa. Mjane akienda kuulizia haki, kitu cha kwanza ni cheti. Kwa hiyo Mjukuu wa Keya, wewe unaandika kwa ajili ya kaburi, vizuri, lakini anzeni na walio hai. Rekodini sauti zetu. Mkituuliza "vita vilikuwaje" tutawaambia yale ya kwenye gwaride. Tuulizeni tulikula nini, nani alitukopesha viatu, tulilala upande gani wa mto. Hapo ndipo maneno yanapotoka.

#9 Binti_wa_Chumbageni

Shikamoo mzee wetu. Huyo wa visima umeniliza.

#10 Chomoa_Betri

Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyeomba ufupisho, nimerudi nikausoma wote. Swali: kuna watu wanasema Waganda walipoikimbia Masaka waliacha chakula mezani, ni kweli au chumvi?

#11 Mzee_wa_Chakaza

Marahaba wanangu. Chakula cha mezani sikukikuta. Nilikuta mbuzi amefungwa. Tusiendelee hapo.

#12 Nyakwar_Seme

Jambo kutoka Kisumu. Nimeletewa huu uzi na rafiki yangu wa Musoma.

Kwetu tuna kaburi ambalo ndani yake hakuna mtu. Ndugu ya babu yangu alikuwa kwa mizinga, Jeshi la Afrika Mashariki, kikosi cha 301. Walipandishwa meli Khedive Ismail pale Mombasa kwenda Colombo. Februari 12, 1944 nyambizi ya Japani iliipiga meli karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Karibu watu 1,300 walikufa, na kikosi chake ndicho kilichoumia zaidi. Jina lake liko kwa ukuta wa ukumbusho pale Nairobi War Cemetery, Ngong Road, mimi nimeenda nikalishika.

Lakini mama yake hangekubali ukuta wa Nairobi. Kwa Wajaluo mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika yago, lile tunda refu la mwegea, badala yake. Linafungwa, linaliliwa, linazikwa bomani kwa kaburi la kawaida. Kwa hivyo yeye ako na mahali pawili, na pale nyumbani ndipo mahali watu humwambia habari za ukoo.

Nauliza watu wa makaburi ya vita, je, kaburi la yago ni kaburi la vita? Nadhani wakija na fomu zao hawatapata kisanduku cha kuweka alama.

Halafu kuna Taveta na Voi upande wetu mwingine, vita ya kwanza. Salaita Hill, Februari 12, 1916, tarehe ileile ya meli, miaka 28 kabla yake. Huko utaona mawe ya Wazungu wa Afrika Kusini yamepangwa vizuri kabisa. Wapagazi waliobeba maji ya hao wote, sahau.

#13 Mjukuu_wa_Keya

Nyakwar, ahsante sana. Hiyo ya yago sikuijua. Kama familia mna jina na namba kutoka ukuta wa Nairobi, iandikeni na pale bomani, ili miaka hamsini ijayo mtu asifikiri mlizika mtu asiyejulikana.

#14 Ustadhi_Mpole

Assalaam alaykum. Nina neno kwa upande wa Waislamu, maana nimeona mnazungumza mawe tu.

Wazee wetu wengi wa Keya na wa Mjerumani walikuwa Waislamu. Makaburi yetu hayajengewi wala hayapambwi, na ndugu wengi hawapendi maandishi juu yake. Alama ya kumjua maiti wako inaruhusiwa, jiwe au mti kichwani. Kwa hiyo msije mkaona kaburi tupu mkasema limetelekezwa.

Suluhisho letu ni daftari. Msikiti wetu, mtaa siutaji, tumeanza kitabu: jina, ukoo, mahali alipolala kwa kupima hatua toka mlangoni, na mistari michache ya maisha yake. Mzee mmoja humo alikuwa askari wa Mjerumani akiwa kijana mdogo, akatekwa, akaingia batalioni ya 6 ya KAR, ile iliyoanza na mateka kama yeye. Amri za gwaride alizijua kwa lugha mbili za maadui. Baadaye akawa muadhini. Sauti yake wazee wanaikumbuka mpaka leo, bunduki yake hakuna anayeikumbuka.

Tatizo la mijini ni jingine. Makaburi yamejaa, kaburi la zamani linachimbwa tena anazikwa mwingine. Hilo dini haina ugomvi nalo mifupa ikishaisha. Ila daftari likiwepo, hata akizikwa mtu juu yake, habari yake haizikwi.

#15 Rock_City_Mkongwe

Kuna hadithi ya kwetu Mwanza inasimuliwa kuhusu hao wa Mjerumani. Miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa von Lettow malimbikizo yao. Wazee wakajaa, vyeti hawana. Mtu wa benki akawapa fagio mmoja mmoja, akaamrisha gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna aliyekosea. Kama imetiwa chumvi, imetiwa na watu wengi kabla yangu. Ninachojiuliza kila nikiisikia: yule aliyekuwa ameshavunjika mgongo hawezi kushika fagio, alilipwa?

#16 Mtunza_Makaratasi

Kazi yangu ni nyaraka, nichangie kwa wanaotaka kutafuta.

Anzia ndani ya nyumba. Kitabu cha kuachishwa jeshi ndicho dhahabu: kina namba, kikosi, tarehe ya kuingia na kutoka, mara nyingi na neno la tabia. Kisipokuwepo, tafuteni medali, lakini muwe makini. Za vita ya kwanza kwa kawaida zina jina na namba zimechongwa ukingoni. Za vita ya pili za Mwingereza hazikuchongwa majina, kwa hiyo Burma Star iliyookotwa kwenye kabati inasema mwenyewe alikwenda Burma tu, haisemi ni nani. Nimeona familia mbili zikigombea medali moja kwa sababu hiyo.

Kanzidata ya Tume iko wazi mtandaoni bure, ila kama alivyosema mleta uzi, ni ya waliokufa ndani ya zile tarehe. Mzee wako aliyerudi hayumo. Unaweza kuitumia kwa njia ya mzunguko: tafuta wenzake wa kikosi kilekile waliokufa, uone walizikwa wapi na lini, utajua na yeye alikuwa wapi mwezi ule. Watu wa Batalioni ya 36 waliofia Burma wako Taukkyan, nje ya Rangoon, wengine kwa jina tu kwenye ukumbusho uliopo palepale.

Baada ya hapo vitabu vya parokia, vya ubatizo na ndoa. Mapadre wa zamani waliandika kila kitu, hata "mume yuko vitani". Na picha. Geuza picha nyuma kabla hujaipiga skani, wapiga picha wa zamani waligonga mhuri wa mji.

Na tafadhali, picha ya kaburi ipigwe ikionyesha kitu cha jirani kisichohama. Mgomba unahama.

#17 Mtoto_wa_Lugalo

Nyongeza ndogo kwa wapenda majina. Kambi ya Lugalo hapo Dar kabla ya kuitwa hivyo iliitwa Colito, jina la vita vya Ethiopia Mei 1941 walikopigana Keya wa batalioni ya 6. Yule sajini Leakey aliyepata Msalaba wa Victoria, nishani kubwa ya ushujaa ya Mwingereza, alikufa hapohapo Colito, na jina lake unalipata kirahisi kabisa. Waafrika waliokufa naye siku ile, mpaka uchimbe. Sasa kambi ina jina la mahali Mkwawa alipomchapa Zelewski, kamanda wa Mjerumani, Agosti 17, 1891, jambo ninalolikubali kwa mikono miwili. Lakini wazee wa Colito walirudi wakaishi Temeke, Dodoma, Tabora. Kubadili kibao hakukuwa na ubaya, ubaya ni kwamba hakuna aliyewaandika mahali pengine.

#18 Binti_wa_Chumbageni

Mjukuu wa Keya, kikao cha ukoo kiliishaje? Kaburi linahama?

#19 Mjukuu_wa_Keya

Halihami. Mnunuzi kakubali kipande hicho kibaki nje ya mauziano, kuna njia ya kupita, tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Jiwe bado tunabishana. Ndugu mmoja anataka nembo ya jeshi, shangazi anataka cherehani ichorwe. Fundi anasema cherehani itamshinda, anaweza mkasi.

Mimi niko na shangazi.

#20 Chomoa_Betri

Wakuu nimemuuliza babu. Yaani nimemuuliza bibi, babu alishafariki kabla sijazaliwa. Ametoa karatasi kwenye mfuko wa rambo, imechanika katikati. Jina naliona, namba nusu, halafu kuna herufi EAASC. Ni nini hii?

#21 Mtunza_Makaratasi

Safi sana! Hicho ni kikosi cha huduma cha Jeshi la Afrika Mashariki, usafirishaji na ugavi. Malori, petroli, chakula. Usiikunje tena hiyo karatasi, iweke kati ya vioo viwili au kwenye faili gumu uipige picha mchana. Babu yako yaelekea alikuwa dereva. Muulize bibi kama alikuwa anaendesha lori.

#22 Chomoa_Betri

Bibi anasema babu hata baiskeli ilimshinda.

#23 Mzee_wa_Chakaza

Basi alikuwa mpishi. Muulize nani alikuwa anapika pale nyumbani sikukuu.

#24 Chomoa_Betri

Amecheka mpaka kakohoa. Anasema pilau la harusi zote za kijiji lilikuwa lake, na wanawake walikuwa wanamfukuza jikoni hatoki. Narudi kumuuliza alilijifunzia wapi, subirini.